Wallace Carothers na mpira unaostahimili jua



Ninakokaa mimi, Alum Rock hapa Birmingham, si mbali na Fort Dunlop, jengo kubwa lililokuwa kiwanda cha matairi. Jina la Dunlop kila mtu analijua. Leo nitamzungumzia mtu mwingine wa mpira, ambaye kazi yake inawafaa sana nyinyi mlioko Muscat, Dubai na Doha kwenye jua kali: Wallace Carothers.

Alizaliwa mwaka 1896 Burlington, jimbo la Iowa, Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu. Alisoma chuo kidogo cha Tarkio, na mwalimu wa kemia alipoondoka, yeye bado mwanafunzi akapewa somo alifundishe. Mimi niliyefundisha miaka mingi najua uzito wa jambo hilo. Akapata udaktari wake Illinois mwaka 1924, akafundisha Harvard, na mwaka 1928 kampuni ya DuPont ikamchukua aongoze utafiti.

Shida ya mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, ni hii. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni yenye viungo maradufu. Hewani mna ozoni kidogo, na jua likipiga moshi wa magari huzidi. Ozoni huvikata viungo vile. Mpira uliovutwa ndio huumia kwanza: hutoka nyufa ndogo ndogo, mwisho hukatika.

Padri Julius Nieuwland, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, alishafungua njia kwa utafiti wake wa gesi ya asetilini. Basi Aprili 1930, Arnold Collins, mmoja wa kundi la Carothers, akapata kitu kinachodunda kama mpira. Ndiyo neoprini, iliyotangazwa mwaka 1931. Siri yake ni klorini: imekaa kwenye kile kiungo maradufu, kwa hiyo ozoni hupata tabu kukivunja. Si kwamba haizeeki, lakini hustahimili jua, ozoni na mafuta kuliko mpira wa mti. Leo iko kwenye mikanda ya injini na mavazi ya wapiga mbizi.

Mwaka 1935 kundi lake likatengeneza nailoni. Mwaka 1936 akachaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi ya Marekani. Lakini tangu ujanani alisumbuliwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Sifa zote hizo hazikumsaidia, alijiona ameshindwa. Januari 1937 dada yake akafariki, na tarehe 29 Aprili Carothers akajitoa uhai, siku 2 baada ya kutimiza miaka 41. Binti yake alizaliwa baada ya yeye kufa.

Wazee wenzangu, hapo ndipo nataka tusimame. Kwetu mtu akiwa hivyo tunasema ana jini, au imani yake haba, halafu tunaficha. Sonona ni maradhi, na leo yana dawa ambazo zama za Carothers hazikuwepo. Mkimwona mtoto anajitenga, halali, hali, msidanganyike kwa kuwa kazini au shuleni anafaulu. Muulizeni waziwazi, mpelekeni kwa daktari, na asiachwe peke yake.