Johannes Kepler, Mpima Njia za Sayari

Johannes Kepler alizaliwa Ujerumani mwaka 1571. Alisoma elimu ya Mungu huko Tübingen, akitaka kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu. Kwanza alihuzunika, kisha akatambua ya kuwa hesabu nazo zaweza kumtukuza Muumba. Mwaka 1600 alifukuzwa huko kwa kuwa hakukubali kuiacha imani ya Kilutheri, akaenda Prague kwa Tycho Brahe, mpima nyota.

Tangu kale wataalamu walisadiki ya kuwa sayari huenda kwa njia ya duara. Kepler alipohesabu njia ya Mirihi, hesabu yake ilipishana na vipimo vya Brahe kwa sehemu nane tu katika sehemu sitini za digrii moja. Hakuificha tofauti hiyo. Akaanza upya, akaona ya kuwa njia ile ni kama duara iliyobanwa. Akatangaza habari hiyo mwaka 1609.

Baadaye, huko Linz, mchungaji wa kanisa lake mwenyewe alimnyima Chakula cha Bwana, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kutia sahihi maungamo yote. Hata hivyo hakuiacha imani yake mpaka alipokufa mwaka 1630.

Nasi tusidharau kosa dogo, wala tusikiri kwa kinywa yale ambayo moyo umeyakataa.