Sofia Kovalevskaya, msichana aliyekutana na hisabati ukutani

MWANAHISABATI Sofia Kovalevskaya alizaliwa Moscow mwaka 1850. Karatasi za kupambia nyumba zilipopungua, chumba cha watoto kilibandikwa kurasa za mihadhara ya kalkulasi, naye akazitazama kwa saa nyingi bila kuzielewa.

Vyuo vikuu vya Urusi vikiwafungia wanawake milango, mwaka 1868 aliolewa kwa jina tu ili aende ng'ambo. Berlin nako alizuiwa darasani. Karl Weierstrass akamfunza faraghani.

Tasnifu yake ilihusu milinganyo ya mabadiliko yenye vigezo vingi. Joto la chuma, kwa mfano, hutegemea mahali na wakati. Hupimwa kimoja huku kingine kikishikiliwa. Göttingen ilimtunuku udaktari mwaka 1874, lakini alikaa karibu miaka 9 bila kazi ya chuo. Stockholm ndiyo iliyompokea. Alifariki Februari 1891.