Georg von Békésy, mwanafizikia wa posta aliyelichungulia sikio

Mtu wa kwanza kuona kwa macho namna sikio linavyotenganisha sauti nzito na nyembamba alikuwa mwanafizikia aliyeajiriwa na Posta ya Hungary.

Georg von Békésy alizaliwa Budapest mwaka 1899, mwana wa mwanadiplomasia. Alisoma kemia mjini Bern, Uswisi, kisha akapata shahada ya uzamivu ya fizikia Budapest mwaka 1923. Mwaka huohuo alianza kazi katika maabara ya posta, iliyohudumia mawasiliano ya simu.

Huko ndiko alikokutana na swali la maisha yake. Ili kujua sehemu ya simu iliyostahili kuboreshwa kwanza, ilibidi kulijua sikio lenyewe. Sauti ni mtetemo usafirio hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Huitikisa ngoma ya sikio, hupokewa na vifupa vitatu, kisha huingia katika mrija wenye majimaji, uliojiviringa mithili ya gamba la konokono. Wataalamu walibishana juu ya yatokeayo humo, lakini hakuna aliyekuwa ameyaona.

Békésy alitafuta masikio ya maiti, akayapasua kwa zana ndogo alizojiundia na kuyatazama kwa hadubini. Mafundi wa karakana walichukizwa kukuta asubuhi kekee yao imejaa vumbi la mifupa ya binadamu. Hata hivyo, alipata jibu. Sauti huzusha wimbi linalopita juu ya utando ulio ndani ya mrija. Wimbi la sauti nyembamba hufikia kilele karibu na mlango wa mrija, na la sauti nzito husafiri hadi karibu na ncha. Hivyo kila sauti ina mahali pake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliihama Hungary. Alikwenda Sweden mwaka 1946, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1961 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Alifariki Honolulu, Hawaii, mwaka 1972.

Utafiti uliofuata uligundua jambo ambalo maiti haikuweza kumwonyesha: katika sikio lililo hai, seli zenye vinyweleo huukuza mtetemo na kuunoa zaidi. Wimbi aliloliona, hata hivyo, lingali msingi wa elimu ya usikivu.