Walihama Wawili, wa Tatu Akabaki

Wapo wanaoamini kwamba Eric Morecambe, mchekeshaji mashuhuri wa Uingereza, aliuza kipaji chake kwa pesa alipoihama BBC mnamo 1978. Mimi sikubaliani nao. Kosa lake, ikiwa lilikuwa kosa, lilikuwa la namna nyingine, na sisi tunaofundisha au kusomea sanaa za maonyesho twapaswa kulitazama kwa makini.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1926 katika mji wa pwani wa Morecambe, akaitwa John Eric Bartholomew. Jina la jukwaani alilitwaa baadaye kutokana na mji huo. Baba yake alikuwa kibarua wa baraza la mji. Mama yake, Sadie, ndiye aliyemshauri aungane na kijana mwenzake, Ernie Wise, nao wakapanda jukwaani pamoja kwa mara ya kwanza mnamo 1941 mjini Liverpool. Vita vikawatenganisha kwa muda, Eric akapelekwa kuchimba makaa ya mawe. Mnamo 1954 BBC iliwapa kipindi cha runinga, nacho kikaanguka vibaya, hata magazeti yakawacheka wao badala ya kuicheka mizaha yao.

Kuhama, kwa hivyo, hakukuwa jambo geni kwao. Walipata umaarufu katika kampuni ya ATV kuanzia 1961, wakarudi BBC mnamo 1968. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Eric akapatwa na mshtuko wa moyo akiwa na miaka 42. Waandishi wao wa siku nyingi wakaondoka. Ndipo akaletwa Eddie Braben, mtu wa Liverpool aliyewahi kuuza matunda sokoni.

Braben alitambua jambo ambalo wengine hawakuliona: kwamba watu hawa wawili walipendana kama ndugu. Akawatungia maisha ya nyumba moja, hata wakilala kitanda kimoja. Ernie akamfanya mtunzi wa tamthilia anayejiona gwiji ilhali kazi zake ni mbovu kupindukia. Eric akawa yule anayemdhihaki rafiki yake mchana kutwa, lakini asiyekubali mtu mwingine amdhihaki. Huo ndio ucheshi uliowakusanya watazamaji zaidi ya milioni 20 usiku wa Krismasi wa 1977. BBC yenyewe ilikadiria milioni 28.

Wiki chache baadaye, Januari 1978, wakatangaza kwamba wanahamia Thames Television, kampuni ya biashara iliyokuwa mpinzani wa BBC. Pesa zilikuwa nyingi zaidi, naam, lakini kulikuwa na chambo kingine. Thames ilimiliki kampuni ya filamu, na wawili hawa walikuwa na kiu ya sinema. Filamu zao tatu za miaka ya sitini hazikuwa zimefana.

Hapa ndipo ninapoliona kosa. Braben alifungwa na mkataba wake, akabaki BBC. Walihama na majina yao, wakaiacha kalamu iliyoyapa majina hayo uhai! Mwalimu yeyote aliyewahi kuhamishwa akaiacha idara aliyoizoea atanielewa. Vipindi vya Thames havikuwa vibaya. Hata hivyo vilikosa ule mng'ao wa awali, na hata Braben alipojiunga nao baadaye, aghalabu mizaha ya zamani ndiyo iliyorudiwa. Tena moyo wa Eric haukumpa nafasi. Ulimshtua mara ya pili mnamo 1979, akafanyiwa upasuaji mwaka huo.

Filamu waliyoitamani ilipigwa hatimaye mnamo 1983, tena ikawa ya runinga, wala si ya majumba ya sinema. Usiku wa tarehe 27 Mei 1984, Eric alifanya onyesho mjini Tewkesbury bila Ernie. Watu walimshangilia, akarudi jukwaani mara kadhaa kuwaaga, kisha akaanguka nyuma ya pazia. Alifariki alfajiri, akiwa na miaka 58. Filamu ile ilionyeshwa Januari 1985.