Al-Kashi na Sini ya Digrii Moja

Kalenda za nyakati za swala tunazotundika misikitini zimejengwa juu ya hesabu za pembe. Mmoja wa waliozinyoosha hesabu hizo ni Jamshid al-Kashi.

Alizaliwa Kashan, Uajemi, yapata mwaka 1380, zama za vita vya Timur, akaishi miaka mingi katika dhiki. Hakuacha kusoma. Juni 1406 alikuwa kwao Kashan akichunguza kupatwa kwa mwezi. Baadaye alihamia Samarkand kwa Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, mtawala aliyependa elimu ya nyota. Kutoka huko alimwandikia babake barua za kumweleza mijadala ya wanazuoni wa mji ule.

Mwaka 1424 alipiga hesabu ya mzingo wa duara kwa nusukipenyo chake, akafikia tarakimu 16 za desimali. Mwaka 1427 akakamilisha Miftah al-Hisab, kitabu cha hesabu chenye manufaa hata kwa makarani na wajenzi.

Ilibaki kazi moja nzito. Jedwali za nyota zilitegemea sini ya digrii 1. Sini ya digrii 3 ilipatikana kwa jiometri, lakini kuigawa pembe hiyo mara tatu kwa rula na bikari hakuwezekani. Al-Kashi akageukia aljebra. Sini asiyoijua tuiite x. Mara tatu ya x, ukitoa mara nne ya kipeo cha tatu cha x, ni sawa na sini ya digrii 3.

Ukitatua mlinganyo huo, umepata jibu. Naye aliona kwamba x ni ndogo, na kipeo chake cha tatu ni kidogo zaidi. Basi kwanza kipuuze: theluthi ya sini ya digrii 3 ni 0.0174453. Tia jibu hilo kwenye kile kipeo ulichokipuuza, piga hesabu upya, utapata 0.0174524. Ukirudia, jibu huzidi kukaribia ukweli. Yeye alirudia mpaka akapita tarakimu 15.

Alifariki Samarkand, Juni 22, 1429. Wafaransa hadi leo huiita kanuni ya kosini kwa jina lake.

Basi mwanao wa sekondari akirudi nyumbani akisema sini na kosini ni elimu ya wageni isiyotuhusu, mketishe umsimulie habari za al-Kashi. Kisha mpe kalamu na karatasi.