Ar-Razi, Mwanachuoni wa Tiba na Madini

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, yapata mwaka 865. Alisimamia hospitali ya mji wake, kisha ya Baghdad, na ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha kupambanua ndui na surua. Baadhi ya rai zake za falsafa zilikataliwa vikali na wanavyuoni. Lakini sifa yake katika tiba na kimia haikufutika.

Tabia iliyomtukuza ni kuwa hakukubali jambo kwa taklidi. Alimheshimu Jalinus, tabibu mkuu wa Wayunani, na bado akaandika kitabu kizima cha kueleza shaka zake juu yake. Ndivyo alivyoyaendea madini pia. Katika Kitabu cha Siri alieleza matanuri na vyombo vya kukenekea, akayagawa madini mafungu sita: vitu virukavyo kwa moto, metali, mawe, mrututu na jamii yake, boraksi na jamii yake, na chumvi. Natruni aliiweka katika fungu la boraksi.

Natruni hiyo, ndugu msomaji, ni jamaa ya magadi yatiwayo chunguni kulainisha maharage. Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, limejaa magadi, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Magadi mabichi yana atomi za elementi nne: sodiamu, kaboni, oksijeni na hidrojeni. Yakichomwa, hutoka mvuke wa maji na hewa ya kaboni, ikabaki soda kavu itumiwayo kutengeneza kioo. Hayo ni mageuzi ya kweli, kwani kitu kipya kimepatikana. Marumaru ya Kajiado nayo, ikichomwa kwa moto mkali, hugeuka chokaa. Lakini vioo vikuukuu viyeyushwavyo katika karakana ya Kitengela hubadili umbo tu. Kioo hubaki kioo.

Ar-Razi naye alikosea. Aliamini kuwa metali duni yaweza kugeuzwa dhahabu. Leo twajua kuwa risasi na dhahabu ni elementi mbili mbalimbali: kiini cha atomi ya risasi kina protoni 82, na cha dhahabu 79. Moto wa tanuri hufungua na kufunga atomi, wala haugusi viini vyake. Njia ya kulijua hilo iliandaliwa na watu wa mizani, kama Lavoisier wa Ufaransa, aliyetoa orodha yake ya elementi mwaka 1789.

Ar-Razi alipofuka macho uzeeni, akafariki Rayy yapata mwaka 925. Kulitaja jina lake kwa fahari, na huku magadi yetu twayajua kwa chungu tu, hakutufai kitu. Amfuataye kweli ni kijana wa Kajiado atakayetwaa kipande cha magadi, akakipima, akakichoma, akakipima tena, kisha akauliza uzito uliopungua umekwenda wapi.