Ian Smith: piloti aliyefichwa na wakulima



Mu kila namba tunaletaka maisha ya mutu moja mwenye kujulikana, kusudi tuone namna gani mambo ya kukimbia na kurudia iligusa watu wengine. Mara hii tumechagua mutu ambaye wengi wetu hatumupendi, na hatuwaombe mumupende. Ni Ian Smith, Waziri wa kwanza wa zamani wa Rodezia, ile inchi leo inaitwa Zimbabwe. Alikuwa mukulima, alikuwa piloti wa vita, aliishi miaka 88.

Rodezia haiko mbali na sisi. Reli iliyofika Lubumbashi mu 1910 ilitoka kule kusini, ikapita Bulawayo, Livingstone, Ndola na Sakania. Na mu Julai 1960, wakati wazungu wa hapa Likasi (zamani ile waliita Jadotville) walibeba masanduku na kukimbia, walishika njia ile ile ya kusini, wakavuka mupaka kuingia Rodezia ya Kaskazini, na wengine wakaendelea hata Salisbury. Wazungu wa kule waliwaona wakifika na watoto na vumbi, wakaogopa. Wanasiasa wao wakashika Kongo sawa mufano wa kutisha watu. Smith naye alikuwa mu hesabu ya hao wanasiasa. Kumbe historia yake na yetu zinagusana.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1919 pa Selukwe, muji mudogo wa migodi, leo unaitwa Shurugwi. Baba yake alitoka Scotland, akauza nyama na kufuga ngombe na farasi. Kijana alikwenda kusoma Grahamstown, Afrika ya Kusini. Vita ya pili ilimukuta kule. Mu 1941 aliingia jeshi la anga, akafundishwa kurusha ndege mu inchi yake mwenyewe, halafu wakamutuma Mashariki ya Kati.

Oktoba 1943, pa Misri, ndege yake ilianguka wakati wa kuruka. Uso ulipasuka, taya ikavunjika, na muguu na bega pia. Waganga wa Cairo walimutengeneza uso upya. Tangu siku ile uso wake ulikuwa mugumu, jicho moja limelegea, na watu waliomutazama miaka ya nyuma walifikiri ni mutu asiye na huruma hata kama alikuwa anacheka. Sisi hatutamuhukumu juu ya uso. Kuna mambo mengine ya kumuhukumu.

Alipona, akarudia ku vita. Tarehe 22 Juni 1944, kaskazini mwa Italia, mizinga ya Wajeremani ilipiga ndege yake. Akaruka na parashuti, akaanguka mu milima. Familia moja ya wakulima ikamuchukua, ikamuficha. Hapa tunaomba musome polepole. Wale walikuwa maskini. Walikuwa na shamba ndogo, na Wajeremani walikuwa wanachoma nyumba ya mutu yeyote mwenye kuficha adui, hata kumuua. Na huyu kijana hakuwa ndugu yao, hakujua luga yao, alikuja kutoka juu na ndege ya vita. Lakini walimupa mahali pa kulala na chakula. Akasaidia kazi ya shamba, akajifunza Kiitaliano, akapigana pamoja na wapiganaji wa pori. Karibu miezi mitano njo aliishi vile.

Wakati baridi ilianza, aliondoka na wenzake wachache kutafuta mupaka wa Ufaransa, kwa miguu. Muongozaji wa pale pale aliwapitisha mu milima ya Alpes. Juu ya barafu viatu viliteleza, akavitoa, akamaliza ile njia bila viatu, hata akafikia maaskari wa Marekani. Wale wetu waliotembea mu pori siku nyingi na watoto ku mugongo wanajua maana ya kufika ku maaskari wasiokupiga risasi. Na yeye hakuomba kurudishwa nyumbani: alitafuta njia ya kurudia ku ndege, akamaliza vita pa Ujeremani.

Mu 1948 alifanya mambo tatu: alioa Janet, mujane mwenye watoto wawili, alinunua shamba ya Gwenoro, karibu na Selukwe, akafuga ngombe na kulima mahindi na tumbako, tena alichaguliwa depite, akiwa na miaka 29 tu. Shamba aliipenda kweli, hilo hata maadui wake walikubali. Lakini ni vizuri kusema shamba zile zilitoka wapi. Sheria ya 1930 ilipatia wazungu karibu nusu ya inchi, na mutu mweusi alikatazwa kununua mu sehemu yao. Wazungu hawakufika hata 300,000. Weusi walikuwa mamilioni. Familia nyingi ziliondolewa pahali pa mababu, zikawekwa mu udongo wa mawe. Nao walikuwa wakimbizi, hata kama hawakuvuka mupaka wowote.

Aprili 1964 akawa Waziri wa kwanza. Tarehe 11 Novemba 1965 akatangaza uhuru wa Rodezia bila ruhusa ya Waingereza, kusudi weusi wasitawale. Hakuna inchi hata moja iliyomutambua. Mu Januari 1973 akafunga mupaka na Zambia, na Zambia ikaacha ile njia ya kusini hata Oktoba 1978. Wale walifanya kazi ku reli wanajua ilikuwa nini, zaidi kisha reli ya Lobito kufungwa mu 1975 juu ya vita ya Angola.

Vita ikakomaa. Watu wakakimbia kwa maelfu kuenda Musumbiji, Zambia, Botswana. Tarehe 9 Agosti 1976 maaskari wa Smith waliingia Nyadzonya, ndani ya Musumbiji, wamevaa sawa maaskari wa kule, wakafika na magari hata katikati ya kampi, halafu wakafungua masasi. Walikufa watu zaidi ya 1,000. HCR ilikuwa imeandika ile pahali kampi ya wakimbizi. Serikali ya Smith ilisema ni wapiganaji, na ni kweli kwamba vijana wenye kungojea kufundishwa vita walikuwa pale. Lakini wagonjwa na watoto pia walikuwa pale. Mu Oktoba 1978 ndege zake zilipiga kampi ingine, karibu kabisa na Lusaka. Wapiganaji wa upande ule mwingine nao waliangusha ndege ya abiria mu Septemba 1978, na wakaua watu waliotoka wazima. Hatufiche.

Paka swali moja linatusumbua sisi tulioandika. Huyu mutu alijua. Hakusomea ukimbizi mu vitabu: alilala mu nyumba ya maskini waliohatarisha watoto wao juu yake. Namna gani alisahau? Tulizungumuza hii mu komite, hatukupatana. Mama moja alisema hakusahau, ila hakuona kwamba wale wa Nyadzonya ni watu sawa yeye.

Kisha makubaliano ya Londres, Desemba 1979, wakimbizi wakaanza kurudia. Zaidi ya watu 200,000 walirudi mu 1980, na HCR ikasaidia. Walikuta mashamba yamekuwa pori, masomo yamefungwa, ngombe hakuna. Sisi tuliorudi toka Kasai, na wale wa kampi za Zambia, tunajua ile kurudia: unafika pa nyumba yako, mutu mwingine anafungua mulango.

Smith alibaki. Wengi walifikiri atakimbia, ao watamufunga. Mugabe alimuita, akamuambia abaki, na kwanza walisikilizana, halafu wakagombana. Alikuwa depite hata 1987. Pa Harare geti ya nyumba yake ilikuwa wazi, bila mulinzi, na alitembea mu barabara, weusi wakimusalimia. Sisi tunaona wale walimusamehe zaidi ya vile yeye aliomba, sababu kuomba hakuomba. Mu 2000, wakati wa kunyanganya mashamba, kikundi kiliingia hata Gwenoro.

Janet alikufa mu 1994. Mwana wake Alec, aliyepinga siasa ya baba yake na kutafuta amani na weusi, alikufa mu 2006. Muzee mwenyewe alikuwa Cape Town, mugonjwa, akafa kule tarehe 20 Novemba 2007. Majivu yake ilirudishwa Gwenoro, ikamwangwa mu shamba.